Neno la Nyumbani, Neno la Mahakamani: Historia ya Kumweleza Mwananchi Istilahi za Sheria, Malindi ya Mji Mkongwe na Unguja

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kazi ambayo mara chache huandikwa: kumfafanulia mtu wa kawaida maana ya maneno ya sheria kabla hajatia saini, hajala kiapo au hajakubali suluhu. Yanapitia vipindi vinne katika historia ya Unguja, yaani mikopo ya mashamba ya karafuu, Amri ya 1897 kuhusu utumwa, Mahakama za Wananchi za 1970 hadi 1985, na huduma za msaada wa kisheria zilizoanza miaka ya 1990. Hoja kuu ni kwamba kwa Mzanzibari kikwazo kikubwa hakikuwa ugeni wa istilahi. Istilahi nyingi zilikuwa tayari maneno ya nyumbani, na kwa sababu hiyo mwenye shauri aliamini kuwa amezielewa. Makala yanapendekeza kuwa ufafanuzi wa neno la sheria upimwe kwa kile unachomwezesha mtu kutenda.

1. Utangulizi

Mtaa wa Malindi uko kaskazini mwa Mji Mkongwe wa Unguja, ukigusana na bandari. Jina lake linalingana na la mji wa Malindi ulioko pwani ya Kenya, lakini mtaa unaozungumziwa hapa ni huu wa Unguja. Kwa vizazi vingi umekuwa mmoja wa milango ya kisiwa. Majahazi yaliyosukumwa na pepo za kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalitia nanga mbele yake, na walioshuka walileta bidhaa, elimu ya dini na desturi zao za kuandikiana mikataba. Anayetembea leo katika mtaa huu na kutokea barabara ya Mizingani hupita, kwa mwendo wa dakika chache, misikiti ambayo imekuwa vituo vya kusomeshea dini, Zahanati ya Kale iliyoanza kujengwa mwaka 1887 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan, na kituo cha polisi cha Malindi. Fikihi, mkopo na dola vimekaa mtaa mmoja.

Mtu wa Malindi aliyefikwa na jambo, awe baharia aliyekopa, mjane anayedai urithi au kijana aliyekamatwa, alikutana na maneno yaliyotoka katika mifumo zaidi ya mmoja. Tabaka la kwanza ni la sheria ya Kiislamu, lililoingia katika Kiswahili mapema mno kiasi kwamba halihesabiwi tena kuwa la kigeni: kadhi, hakimu, shahidi, wakili, wasia, mirathi, wakfu, rehani, talaka. Tabaka la pili ni la sheria ya Kiingereza, lililoenea baada ya Zanzibar kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Tabaka la tatu ni la istilahi zilizosanifiwa au kuenezwa katika karne ya 20, hasa baada ya Mapinduzi ya 1964 na Muungano. Mara nyingi tabaka la pili halikuleta maneno mapya. Lilichukua maneno ya tabaka la kwanza na kuyatwika maana nyingine.

Uandishi kuhusu lugha ya sheria katika Afrika Mashariki umejishughulisha zaidi na suala la lugha ipi itumike mahakamani na istilahi zipi zisanifiwe. A. B. Weston alichapisha orodha yake ya istilahi za sheria za Kiswahili mjini Dar es Salaam mwaka 1968. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 1 ya 2021 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hizo ni hatua kubwa. Hata hivyo Unguja, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani, inatoa swali la ziada. Ikiwa mwenye shauri na karani wanazungumza lugha moja tangu utotoni, kwa nini bado mtu hutoka afisini akiwa amekubali jambo ambalo hakulikusudia?

2. Khiyari na rehani katika mashamba ya karafuu

Tuanze na mkopo. Katika karne ya 19 uchumi wa Unguja na Pemba ulisimama juu ya karafuu, na karafuu ilisimama juu ya deni. Mwenye shamba alihitaji fedha kabla ya mavuno, na aliyekuwa nazo mara nyingi alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi wa mjini. Kwa kuwa sheria ya Kiislamu inaharimisha riba, mkopo uliandikwa kwa sura ya mauzo. Mkataba huo ulijulikana kama bei ya khiyari. Mwenye shamba alimuuzia mkopeshaji shamba lake kwa bei waliyokubaliana, akabaki na khiyari, yaani haki ya kulikomboa kwa bei ileile ndani ya muda uliowekwa. Katika muda huo aliendelea kulishika na kulivuna shamba, akimlipa mnunuzi ijara. Kwa macho ya mhasibu ijara hiyo ilifanya kazi ya riba. Kwa macho ya waraka ilikuwa kodi ya mali ya mtu mwingine.

Mwanahistoria Fahad Bishara, katika kitabu chake cha 2017 kuhusu deni na sheria katika Bahari ya Hindi ya magharibi, ameonesha jinsi nyaraka za aina hii zilivyobeba biashara kutoka Oman hadi Zanzibar. Jambo linalohusu makala haya ni dogo zaidi: neno lenyewe. Khiyari ndiyo asili ya neno letu hiari. Katika mazungumzo ya nyumbani, jambo la hiari ni jambo ambalo mtu halazimishwi, naye anaweza kulifanya leo, kesho au asilifanye kabisa. Katika waraka, khiyari ilikuwa haki yenye mwisho. Ilipopita siku iliyoandikwa pasipo shamba kukombolewa, haki ilikufa na mauzo yakathibiti. Mtu aliyelichukua neno kwa maana yake ya nyumbani alilala akiwa na shamba na akaamka mpangaji.

Jambo lilizidi kuwa gumu pale nyaraka hizo zilipofika mbele ya mahakimu wa Kiingereza. Wao waliuliza swali ambalo waandishi wa waraka hawakukusudia kulijibu: je, haya ni mauzo au ni rehani? Kwa muda wakaelekea kuihesabu bei ya khiyari kuwa aina ya rehani, kwa kuwa lengo lake lilikuwa kudhamini deni. Mwelekeo huo ulimpa mkopaji kinga fulani. Lakini neno rehani nalo lilikuwa na maisha yake. Katika fikihi, rehani ni kitu anachowekewa mkopeshaji kama amana mpaka deni lilipwe. Katika sheria mpya, shamba liliweza kuwa rehani huku likibaki mikononi mwa mkopaji, na mahakama iliweza kuamuru liuzwe. Neno moja, basi, lilimaanisha jambo moja kwa sheikh, jingine kwa jaji, na jingine kwa mkulima aliyesema tu kwamba ameliweka shamba lake.

Kufikia miaka ya 1930, bei ya karafuu ilipoanguka, deni la wenye mashamba lilikuwa tatizo la serikali nzima. Mwaka 1934 zilitungwa amri zilizozuia ardhi ya Waarabu na Waafrika kuhamishiwa kwa watu wasiokuwa wa makundi hayo bila idhini. Amri hizo zililaumiwa vikali na Wahindi wa Zanzibar, na zikachangia mgogoro uliofikia mgomo wa kununua karafuu nchini India mwaka 1937. Mgogoro huo kwa kawaida huelezwa kwa lugha ya rangi na siasa, na ni sahihi kufanya hivyo. Hata hivyo chini yake kulikuwa na maelfu ya karatasi zenye neno ambalo mwenye shamba alidhani analijua. Somo la kipindi hiki ni la muda. Aliyehitaji kuelezwa khiyari hakuhitaji kufundishwa etimolojia. Alihitaji kuambiwa: ukipita mwezi fulani, shamba si lako tena.

3. Amri ya 1897 na maana ya uhuru

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamud bin Muhammad, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri kuhusu utumwa katika Unguja na Pemba. Katika kumbukumbu ya watu, amri hiyo iliwapa watumwa uhuru. Kisheria ilifanya jambo jembamba zaidi. Iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, maana yake ni kwamba mahakama haitasikiliza tena dai la bwana juu ya mtumwa wake. Haikusema kuwa watu wote wamekwisha kuwa huru tangu siku ile. Aliyetaka uhuru wake utambuliwe alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba, na bwana aliyethibitisha kuwa alimmiliki kihalali alilipwa fidia.

Tofauti kati ya kuondoa utumwa na kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa ni maneno mawili matatu kwenye karatasi, lakini kwa aliyekuwa shambani ilikuwa tofauti ya maisha. Amri iliweka masharti kwa waliotambuliwa kuwa huru. Walipaswa kulipa kodi na kufanya kazi za umma kama raia wengine, na waliweza kutakiwa waoneshe makazi yao na njia yao ya kujikimu, ama sivyo wahesabiwe wazururaji. Kibanda na kiunga alichokuwa akikilima mtumwa vilikuwa juu ya ardhi ya bwana. Kwa hiyo aliyeomba karatasi ya uhuru aliweza kupoteza siku hiyohiyo mahali pa kulala, asipofikia makubaliano mapya ya kufanya kazi shambani mle.

Masuria waliwekwa kando. Amri haikuwaruhusu kuomba uhuru kwa njia ya watumwa wengine, isipokuwa waliothibitisha kutendewa ukatili. Kwao mlango haukufunguliwa mpaka amri ya 1909. Mwanamke aliyesikia barazani kwamba watumwa wameachiwa huru, akaenda kuomba, aligundua kuwa neno mtumwa katika amri halikumhusu yeye.

Waliokwenda mahakamani katika miaka ya mwanzo walikuwa wachache kuliko walivyotarajia wapinga utumwa wa Uingereza. Wanahistoria wametoa sababu nyingi, zikiwemo mategemeo ya kiuchumi, uhusiano wa kulindana na hofu ya kupoteza heshima mjini. Kazi za Elisabeth McMahon juu ya Pemba na za Elke Stockreiter juu ya mahakama za makadhi zimeonesha kwamba waliokuwa watumwa hawakungoja tu kupewa hadhi. Waliitafuta kwa ndoa, kwa kumiliki mali na kwa kufungua mashauri. Naongeza kwamba uamuzi wa kutokwenda mahakamani huenda kwa wengine ulitokana na kuifahamu sheria kuliko kutoifahamu. Aliyeelezwa vizuri gharama ya karatasi aliweza kuipima dhidi ya kibanda chake. Aliyeelezwa neno uhuru peke yake hakuwa na cha kupima.

4. Wakili, karani na kitabu cha sheikh

Nani aliyekuwa akieleza? Neno wakili lenyewe linatoa mwanga. Katika fikihi, wakili ni yeyote aliyepewa mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mwingine: kumuozesha binti, kukusanya kodi ya nyumba, kusema mbele ya kadhi. Mwanamke wa Mji Mkongwe ambaye desturi ilimzuia kukaa hadharani aliweza kumtuma ndugu yake kuwa wakili wake. Sheria ya kikoloni ililibana neno hilo pole pole mpaka likawa na maana ya mtu mwenye elimu maalumu na leseni. Tangu hapo mwananchi anapoulizwa kama ana wakili, neno linagongana na lile alilolizoea. Anaye kaka, tena mwaminifu kuliko wote. Lakini kaka huyo hawezi kusimama mbele ya jaji wa Mahakama Kuu.

Kati ya mwananchi na hakimu alisimama karani. Ndiye aliyesikiliza maelezo marefu ya dhiki na kuyapunguza kuwa dai lenye jina. Kazi yake ilikuwa ya tafsiri, ingawa pande zote mbili zilikuwa Kiswahili. Erin Stiles, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu mahakama ya kadhi ya Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, ameonesha jinsi makarani wa siku zetu wanavyoshiriki kuipa hadithi ya mke au mume sura ya madai ambayo mahakama inaweza kuyaamua. Kalamu ya karani ina nguvu, kwani jina atakalolichagua ndilo litakaloiongoza kesi.

Njia ya pili ya ufafanuzi ilikuwa kitabu. Sheikh Ali Hemedi wa Tanga, wa ukoo wa Buhriy, aliandika kwa Kiswahili risala juu ya mirathi na juu ya nikahi. Zote mbili zilitafsiriwa baadaye kwa Kiingereza: ile ya mirathi na P. E. Mitchell, ofisa wa Tanganyika aliyekuja kuwa gavana wa Uganda na kisha Kenya, na ile ya nikahi na J. W. T. Allen. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, naye aliandika kijitabu cha Kiswahili juu ya ndoa na talaka. Vitabu hivi vina jambo la kufundisha wanasheria wa leo. Havikukimbia istilahi ya Kiarabu. Viliitaja, kisha vikaeleza kwa mfano: mtu amekufa, ameacha mke, mama na watoto wawili wa kike, nani apate fungu gani. Msomaji alilipata neno pamoja na hesabu yake.

5. Mahakama za Wananchi: lugha nyepesi bila kinga

Ingekuwa ufafanuzi kwa lugha rahisi unatosha peke yake kuleta haki, basi kipindi cha 1970 hadi 1985 kingekuwa kipindi cha neema. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1969, Serikali ya Mapinduzi ilianzisha Mahakama za Wananchi. Waliokaa kuamua hawakutakiwa kuwa na elimu ya sheria. Mashauri yaliendeshwa kwa Kiswahili, kwa utaratibu mfupi, na mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mtu. Sababu iliyotolewa ilieleweka: mahakama za kikoloni zilikuwa za watu wenye fedha, na ufundi wa mawakili uliwapotosha wanyonge.

Ukosoaji huo ulikuwa na ukweli ndani yake, na historia ya bei ya khiyari inauthibitisha. Lakini matokeo yake yalionekana wazi kuliko popote katika kesi ya uhaini iliyofuatia kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972. Mwanasheria Mkuu Wolfango Dourado aliyeendesha mashtaka ndiye pia aliyetwishwa kuweka mbele ya mahakama upande wa utetezi. Mshtakiwa alielewa kila neno lililosemwa. Hakukuwa na mkalimani, wala Kilatini, wala makoti meusi. Kilichokosekana ni mtu wa upande wake wa kumwambia ni neno lipi anaweza kulipinga na kwa njia ipi.

Kipindi hiki ni onyo kwa yeyote anayeandika vijitabu vya sheria kwa lugha nyepesi, na mimi nikiwemo. Wepesi wa maneno unaweza kutumika kumficha mtu ukosefu wa haki. Neno mashtaka likielezwa bila neno utetezi, na hukumu ikielezwa bila rufaa, msikilizaji hupewa nusu ya kamusi, nayo ni ile nusu inayompa mwenye nguvu ushindi.

6. Kuanzia 1985: kituo, kijitabu na msaidizi wa sheria

Mwaka 1985 Mahakama za Wananchi zilifutwa, na sheria mpya zikaweka Mahakama Kuu, mahakama za mahakimu na mahakama za makadhi. Mawakili wakarejea, lakini walikuwa wachache na gharama zao zilikuwa juu ya uwezo wa wengi. Pengo hilo ndilo lililojazwa kwa sehemu na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, Profesa Haroub Othman akiwa miongoni mwa waasisi wake. Kituo kilitoa ushauri bila malipo, kikachapisha vijitabu vya Kiswahili na kikawafundisha wasaidizi wa sheria waliofanya kazi katika jamii zao. Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar nayo ilielekeza nguvu katika mashauri ya wanawake na watoto. Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018 ikaipa kazi hii msingi wa kisheria.

Msaidizi wa sheria ni mrithi wa karani na wa sheikh mwandishi wa risala, lakini anakaa upande wa mwenye shauri. Maneno anayopaswa kuyafungua ni yaleyale ya zamani. Makundi matatu yanatosha kwa mfano.

La kwanza ni maneno ya kuvunjika kwa ndoa. Mwanamke anayesema kwamba anataka mume wake amwache ametumia neno la nyumbani lisiloonesha njia. Talaka hutoka kwa mume. Khului, ambayo mitaani huitwa kununua talaka, ni mke kujikomboa kwa kutoa mali, mara nyingi mahari yake au sehemu yake. Fasakhi ni kadhi kuivunja ndoa kwa sababu ya kosa au upungufu wa mume, kama vile kutotoa matunzo, na mke hatakiwi kuinunua. Kwa mke aliyetelekezwa, tofauti kati ya khului na fasakhi ni fedha taslimu. Akiandikiwa khului kwa kuwa tu alisema anataka kuachwa haraka, anaweza kulipia kosa lisilo lake. Hakuna atakayekuwa amemdanganya, kwani kila neno atakuwa amelisikia tangu utotoni.

La pili ni dhamana. Nyumbani, mtu mwenye dhamana ni mtu mwenye jukumu, na waziri huitwa mwenye dhamana ya wizara yake. Benki huita dhamana kile kitakachochukuliwa mkopo usipolipwa. Polisi na mahakama huita dhamana ule utaratibu wa mshtakiwa kusubiri kesi akiwa nje. Jirani anayeitwa kituo cha polisi kumdhamini kijana wa mtaa huenda akidhani anatoa ushahidi wa tabia njema. Saini yake inaweza kumlazimisha kulipa fedha iwapo kijana hatafika mahakamani. Vilevile kijana aliyeachiwa kwa dhamana hurudi nyumbani akapokewa kwa furaha kana kwamba ameachiwa huru, na siku ya kesi ikapita akiwa baharini. Kuachiwa kwa dhamana, kufutwa kwa shtaka na kuachiwa huru baada ya kusikilizwa ni mambo matatu yenye matokeo matatu, ingawa mtaani yote huitwa kuachiwa.

La tatu ni maneno ya mali. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu na wamiliki wao, nyingine kwa msikiti na nyingine kwa dhuria. Anayeishi katika nyumba iliyowekewa wakfu kizazi chake huiita nyumba yetu, na kwa maana ya kukaa yuko sahihi. Lakini wakfu hauuzwi wala haugawiwi kwa mirathi, na usimamizi wake uko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Katika ardhi nako, Sheria ya Umilikaji wa Ardhi Namba 12 ya 1992 iliendeleza msimamo wa baada ya Mapinduzi kwamba ardhi ni mali ya umma. Anachokuwa nacho mwananchi ni haki ya matumizi. Anayesema nimenunua kiwanja, bila kuuliza amenunua haki gani na kutoka kwa nani mwenye mamlaka ya kuitoa, yuko mahali alipokuwa mkulima wa karafuu mbele ya waraka wa khiyari.

7. Hitimisho

Historia hii inapendekeza kipimo tofauti na kile cha orodha za istilahi. Orodha huuliza kama neno limepata kisawe cha Kiswahili. Unguja imekuwa na visawe kwa karne nyingi, na bado watu wamepoteza mashamba, mahari na nyumba kwa maneno waliyoyajua. Ufafanuzi wa neno la sheria ni kamili pale mwenye shauri anapoweza kujibu maswali manne bila kusaidiwa. Neno hili litanigharimu nini? Mwisho wake lini? Nani anasema kwa niaba yangu? Nisiporidhika, naenda wapi? La kwanza tunalipata katika karatasi za uhuru za 1897, la pili katika khiyari, la tatu katika neno wakili, na la nne katika kimya cha Mahakama za Wananchi.

Kwa wanaoandaa vijitabu, kwa makarani wa mahakama na kwa masheha ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuulizwa, pendekezo ni moja na halihitaji bajeti kubwa. Baada ya kumweleza mtu neno, aombwe alirudie kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na kile atakachokifanya kesho yake. Akilirudia neno tu, hajaelewa. Akisema kwamba atarudi kabla ya tarehe fulani, au kwamba hatatia saini mpaka amuulize kadhi kuhusu fasakhi, basi neno limekwisha kuwa lake. Kwa Baraza la Kiswahili la Zanzibar na vyuo vyetu, kazi inayobaki ni kukusanya maana za nyumbani za istilahi za sheria kama zinavyotumika Unguja na Pemba, na kuziweka pembeni mwa maana zake za mahakamani. Kamusi ya aina hiyo itamwonesha mwanasheria mahali ambapo mteja wake ameitikia kwa kichwa kabla ya kuelewa.